Nani Atajaza Baridi

Nyumbani tulimwita Jirani, kana kwamba nyumba nyingine za mtaa ule wa Mbeya hazikuwa na watu. Majirani tulikuwa nao: mshona viatu nyuma yetu, mjane wa maandazi upande wa kulia, karani wa posta kule pembeni. Lakini mtu akisema "Jirani kaja," hakuna aliyeuliza yupi. Alikuwa muuza vitambaa, mtu mwenye asili ya pwani aliyekaa nyanda za juu mpaka baridi ikachoka kumtisha. Alivaa kanzu nyeupe, na juu ya kanzu koti zito la jeshi ambalo hakuna aliyejua alilipata wapi. Mifukoni mwa koti hilo mlikuwa na utepe wa kupimia, tasbihi, na mara nyingi yai.

Yai lilikuwa la gari.

Gari lenyewe lilikuwa vani kuukuu ya Kiingereza, ya kijani kilichopauka, na rejeta yake ilivuja tangu nilipoanza kuwa na akili. Rejeta, kwa asiyeshughulika na magari, ni lile sanduku la mabomba membamba mbele ya injini, ambamo maji hupita ili kuipoza. Maji yakivuja injini huchemka, na ikichemka sana hufa. Watu wengine rejeta zao zikivuja huzipeleka kwa fundi akazifungua, akatafuta tundu na kuliziba kwa risasi ya kulehemu. Jirani alingoja maji yapate moto, akavunja yai, akatenga kiini, akamimina ute ndani ya rejeta. Ute ulipikika humo humo ukaganda penye tundu, na vani ikatembea mpaka litokee tundu jingine.

Ajabu ni kwamba ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na duka lake, palikuwa na gereji, na fundi wa gereji hiyo alikuwa baba yangu. Watu walimletea magari kutoka Tukuyu na Chunya. Jirani hakuwahi kuvusha vani yake barabara ile. Na huyo huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa baba kuliko mtu yeyote, mimi mwanawe nikiwemo.

Nilimwonea wivu. Nalisema mapema ili msomaji asitafute hapa mizani iliyo sawa. Ninapoandika habari za mtu huyu kalamu hunielemea upande mmoja, na hata sifa zake ninazitoa kama mtu anayetoa kiti chake kwa mgeni asiyempenda.

Baba ni Mhehe wa Kilolo, Mlutheri, mtu wa maneno machache. Mazungumzo yetu yalikuwa haya:

"Umekula?"

"Nimekula, baba."

"Haya."

Basi. Mimi nilikuwa na tabia, ambayo chuo hakikuiponya, ya kutunga sentensi kabla ya kukutana naye. Nilizipanga nikitembea, nikapima ipi ianze na ipi ifuate, nikafikiria atakavyojibu na nitakavyojibu jibu lake. Nikifika mbele yake, naye ameinama juu ya injini, sentensi zote zilionekana ndefu mno. "Haya," anasema, nami narudi ndani na mzigo wangu.

Lakini jua likishuka nyuma ya milima, baba alinawa mikono kwa majivu na mafuta ya taa, akavuka barabara, akaketi kwenye baraza ya duka la vitambaa kando ya jiko la mkaa, na pale alikuwa mtu mwingine. Nilimsikia kutoka dirishani kwangu.

"Jirani, gari yako inanuka kama jiko la hoteli."

"Njaa hiyo, Fundi. Nenda kwako ukaombe chakula."

"Siku moja itatotoa vifaranga."

"Vikitoka nitakuletea uvifundishe kulehemu. Wanafunzi ulio nao vichwa vigumu."

Na baba anacheka! Kicheko chake kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikamfanya apige paja. Kicheko hicho sikuwahi kukileta mimi. Nilijaribu. Nilikariri hata vichekesho.

Walisalimiana kwa kubadilishana. Baba, aliyezaliwa kwenye kamwene, salamu ya Kihehe, alifika barazani akisema salaam aleikum. Na Jirani, aliyezaliwa kwenye salaam, alijibu "Kamwene, Fundi," kwa lafudhi iliyowachekesha hata watoto. Neno hilo Fundi nalo lilinichoma. Kila mwenye gari alimwita baba hivyo, kwa kuwa alimhitaji. Mtu pekee asiyemhitaji ndiye aliyelitamka kama jina alilopewa na mama yake.

Kuhusu mayai, aliyeteseka ni mkewe, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa. Mayai waliyanunua kwa mwanamke aliyeyaleta kutoka Ilomba kwenye kikapu chenye majani makavu, na Bi Mkubwa alikuwa na desturi ya kuyafunika kwa kanga na kukalia pindo la kanga. Haikusaidia. Sauti yake ilivuka barabara: "Gari linakula mayai, wanangu wanakula mchuzi mtupu! Kesho litataka na kuku!" Jirani alimjibu kwa upole kwamba viini vyote amewaachia wao, na kwamba hakuna mume mwingine Mbeya nzima anayegawana yai na gari kisha akaipa familia sehemu yenye mafuta.

Alikuwa na neno lake kuhusu ufundi wa nyumbani: "Gari ni mgonjwa wa nyumbani. Hospitali anapelekwa akishindwa kumeza." Ungedhani basi aliwahimiza wengine wafanye kama yeye. Sivyo. Dereva wa lori aliyekuja kununua kaniki akimlalamikia injini yake, Jirani alimkemea: "Wewe, usicheze na chombo! Vuka barabara, mpe Fundi." Mmoja alimwuliza kuhusu mayai, maana habari zilikuwa zimeenea. "Mayai?" akasema, amekunja uso. "Mayai ni ya kula, bwana." Nusu ya wateja wa baba, naamini, walitumwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwa mteja. Nimeligeuza jambo hilo kichwani mara nyingi. Kama alimwamini baba kwa magari ya watu, kwa nini si kwa lake? Na kama hakumwamini, kwa nini baba hakuona uchungu?

Kwenye kipimo cha kitambaa hakuwa bahili. Baada ya yadi za mteja aliongeza kiganja, akisema nguo isiyo na nafasi humfanya mtu awe na hasira. Lakini boneti ya vani hiyo hakuna mkono mwingine ulioigusa. Kila Ijumaa aliosha gari mwenyewe kabla ya kwenda kuswali. Akifungua boneti, baba alivuka barabara, akasimama na kutazama. Picha hiyo ninayo mpaka leo: baba yangu, aliyegusa kila injini iliyopita mbele yake kama daktari anavyogusa paji la uso, amefunga mikono nyuma ya mgongo, ameinama, anatazama tu.

"Bomba la chini lile, Jirani."

"Naliona."

"Hulioni. Ungeliona ungelia."

"Rudi nyuma, unalitia kivuli."

Naye alirudi nyuma! Mimi nikimwambia baba asogee kidogo nipite, husimama palepale.

Kisa kilichowachekesha miaka yote ni cha ulanzi. Jirani alikuwa akienda Iringa kupeleka vitambaa, na alipopita Makambako, katikati ya misitu, vani ilichemka ikamaliza maji. Yai hakuwa nalo. Akatembea mpaka kwenye nyumba ya kwanza, akamkuta bibi mmoja. Bibi akasema maji ni mpaka wajukuu warudi mtoni, ila ulanzi upo, umegemwa asubuhi. Ulanzi, hiyo pombe ya mianzi, ukiwa mpya ni mtamu kama maji ya sukari, ukikaa, unachachuka. Jirani alifikiri: asubuhi hii hii, si pombe bado. Akaumimina kwenye rejeta na kuondoka. Alipofika Iringa povu lilikuwa limeinua kifuniko na kutiririka mpaka kwenye kioo, na harufu ikaingia mjini kabla yake. Alisimama mbele ya msikiti akiwa na kofia yake, na waumini wakatoka kutazama.

"Niliwaambia," alisimulia, "jamani, gari limelewa, mimi sijaonja."

"Na walikuamini?" baba aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Imamu alinusa mdomo wangu, kisha akanusa rejeta. Akasema: huyu wa pili ndiye."

Baba alikirudia kisa hicho kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya, mpaka sauti ya besi ikashindwa kuimba. Kwangu hakukisimulia. Nilikisikia dirishani.

Nilipomaliza chuo kule Kampala nilirudi na cheti changu kimefungwa kwenye gazeti. Njia nzima, kwenye treni, kwenye meli na kwenye mabasi, nilikuwa natunga sentensi za kumkabidhi. Alikuwa chini ya lori. Akatoka, akafuta mikono, akakishika cheti pembeni kwa ncha za vidole asikichafue, akakisoma, au akakitazama kwa muda wa kukisoma. "Vizuri," akasema. "Umekula?" Jioni ile alivuka barabara kama kawaida, na baada ya kitambo nikasikia kile kicheko. Nilikaa kitandani nikijiuliza wanacheka nini. Kama walinicheka mimi, ilikuwa vibaya. Kama hawakunicheka mimi, maana yake hata siku hiyo walikuwa na jambo lingine la kuzungumza, na hilo lilikuwa vibaya zaidi.

Basi nikapanga kuingia. Nilikuwa nimesoma katika jarida moja la Kiingereza kwamba huko Amerika sasa kuna magari yenye mtambo wa kutoa baridi. Nilidhani nimepata ufunguo. Nikavuka barabara, nikaamkia, nikaketi pembeni mwa jiko, na palipotokea kimya nikasema: "Huko Amerika wana magari yanayotoa hewa baridi ndani, kama upepo wa Juni."

Wote wawili walinigeukia. Jirani alivuta koti lake.

"Mtu ananunua baridi?" akauliza. "Mwanangu, waandikie waje Mbeya wachukue bure."

Baba akacheka. Kwa neno langu! Karibu niinuke. Nikaendelea kueleza kwamba ndani ya mtambo huo mna gesi inayozunguka kwenye mabomba, na gesi hiyo ikipungua baridi hukata, ikabidi ijazwe tena.

"Anaijaza nani?" Jirani akauliza.

"Fundi," baba akasema.

"Kwa nini fundi? Mwenye gari hana mikono?"

Na hapo nikapotea. Hawakunitazama tena. Walibishana jioni ile, na jioni iliyofuata, na nyingine baada ya hiyo, juu ya mtambo ambao hakuna kati yao aliyewahi kuuona, na huenda hawatauona kamwe.

"Tairi najaza upepo mwenyewe kwa pampu ya mguu," alisema Jirani. "Hiyo nayo ni upepo, tofauti yake ni ubaridi tu."

"Tairi unaibonyeza kwa kidole unajua imeshiba. Hiyo gesi utaibonyeza wapi? Utajaza mpaka bomba lipasuke usoni. Fundi ana kipimo."

"Fundi ana kipimo na magari ya mji mzima. Mimi nina gari moja. Nalijua likikohoa."

"Sikiliza wewe mtu wa mayai. Gesi hainyweki kama chai. Ikipungua, imetoka mahali. Kuna tundu. Wewe utajaza leo, utafurahi, kesho imekwisha, utajaza tena. Fundi hajazi kwanza. Fundi anatafuta tundu kwanza!"

Hapo Jirani aligeukia jiko akaanza kuchokoa mkaa. Tundu la gesi halionekani, halidondoshi maji chini, nalo yai halingeweza kulifikia. Baba alijua kwamba amemkamata. Alirudi nyumbani akipiga mluzi wa wimbo wa kanisa, akanipita mlangoni bila kuniuliza kama nimekula. Ubishi ulikuwa wangu, mimi niliuleta, na nilikuwa nimewapa kama mtu anayewapa watu mpira kisha akaambiwa akae nje ya uwanja.

Haukupita muda Jirani akahama. Bi Mkubwa alikuwa akisumbuliwa na miguu, na binti yao aliyeolewa Iringa aliwataka wakae karibu naye. Walipakia majora ya vitambaa ndani ya vani na mengine juu yake. Nakiri nilifurahi. Nilidhani nafasi imeachwa wazi. Baba alisimama barabarani mikono nyuma, akasema, "Usipite Makambako bila maji," na Jirani akajibu, "Nina ulanzi," wakacheka, na vani ikaondoka ikinuka yai.

Duka lilichukuliwa na muuza mafuta ya taa asiyependa watu kwenye baraza yake. Jioni baba alinawa mikono, akatoka mpaka ukingoni mwa barabara, akasimama pale kama mtu aliyesahau alichotumwa, kisha akarudi akaketi kwenye kibao mlangoni pa gereji. Nikaenda kuketi naye. "Umekula?" "Nimekula, baba." "Haya." Tukatazama barabara. Nilikuwa na sentensi nyingi, lakini zote zilikuwa za kumfurahisha, na nimekuja kugundua kwamba mtu hawezi kuongea kwa muda mrefu na anayetaka kumfurahisha. Akaanza kufunga gereji mapema. Mama, aliyekuwa akilalamika kwamba mumewe ameolewa na jirani, sasa alilalamika kwamba mumewe ni bubu. "Zungumza naye," aliniambia. "Wewe ndiye msomi." Nikapangiwa kazi ya ualimu Iringa, nikaondoka nikiona nimeshindwa.

Nilimkuta Jirani huko, mwezi uliopita. Ukitoka Mto Ruaha Mdogo kupanda kuelekea mjini Iringa, kuna mwinuko unaopima kila injini, na pale kando ya barabara niliiona vani ya kijani imefungua mdomo, mvuke unapaa, na lile koti la jeshi limesimama mbele yake. Alikuwa amezeeka. Mkononi alikuwa na yai, na mkono ulikuwa unatetemeka.

"Aa, mwana wa Fundi!" akasema. "Kamwene!"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Shika hili. Mikono yangu siku hizi inachanganya kiini na ute, na gari halitaki kiini."

Akanipa yai. Nilisita, nikifikiria miaka yote ambayo baba alisimama pale amefunga mikono nyuma. Kisha nikalivunja kwenye ukingo, nikatenga kiini kwenye ganda kama alivyonielekeza, nikamimina ute ndani. Maji yalitoa sauti ndogo ya kukaanga. Tukaketi kwenye nyasi kungoja ute ugande, naye akala kiini kibichi, akajifuta ndevu.

Sikuweza kuvumilia. "Mzee, kwa nini hukumpelekea baba gari hili hata siku moja? Alikuwa ng'ambo ya barabara tu."

Alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo.

"Ningempelekea, angelitengeneza."

"Ndiyo."

"Likishapona, tungezungumza nini?"

Upepo ulikuwa unavuma kutoka bondeni. Nilikuwa nimedhani kwamba barazani pale walipeana siri, hekima, mambo ya moyoni ambayo mimi sikustahili kuyasikia. Kumbe walikuwa na rejeta mbovu tu, na waliitunza.

"Hajambo lakini?" akauliza.

"Hajambo. Amekuwa mkimya."

"Basi mpelekee neno langu. Mwambie lile tundu la gesi nimelipatia dawa. Mtu anachukua sabuni ya kufulia, anaikoroga povu, anapaka juu ya mabomba yote. Panapofanya mapovu, ndipo tundu lilipo. Sabuni kila nyumba inayo. Mwenye gari anatafuta tundu mwenyewe, anaziba mwenyewe, anajaza mwenyewe. Mwambie hivyo. Mwambie imenichukua muda, lakini nimeipata." Alikuwa akicheka kabla hajamaliza. "Laiti ningekuwepo nione uso wake!"

Vani iliwaka. Akapanda mlima polepole akipigia kuku honi, nami nikabaki na harufu ya yai mikononi.

Likizo ilipofika nikapanda basi la Mbeya. Njia nzima sikutunga sentensi hata moja. Nilikuwa nayo moja tayari, na kazi yangu ilikuwa kuamua niitoe kwa jina la nani. Pale Chimala niliamua kumpa baba salamu kamili, neno kwa neno, kama nilivyotumwa. Tulipokaribia mjini nilikuwa nimebadili nia.

Baba alikuwa kwenye kibao mlangoni pa gereji. Nikaketi.

"Umekula?"

"Baba," nikasema, "ile baridi ya Amerika nimeifikiria. Haihitaji fundi. Mwenye gari anaweza kujaza mwenyewe nyumbani."

Hakugeuka. "Na tundu?"

"Sabuni. Anapaka povu kwenye mabomba. Panapotoa mapovu ndipo tundu lilipo. Sabuni kila nyumba inayo."

Aliendelea kutazama barabara, nikadhani ndio mwisho wangu. Kisha baba akageuka mzimamzima kwenye kibao, magoti yake yakagusa yangu, macho yamemwaka.

"Sabuni! Na mabomba yaliyo nyuma ya injini, utapaka kwa ulimi? Na ukishaliona tundu, unaliziba kwa nini, kwa yai? Ile gesi ina nguvu, siyo maji yale! Itakutemea yai usoni!"

"Anaweza kulehemu. Kulehemu siyo uchawi."

"Siyo uchawi!" Akapiga paja. Kicheko kilikuwa kimefika puani. Mama alitoka na sufuria mkononi, akasimama, akarudi ndani taratibu. Baba akanyoosha kidole chenye mafuta karibu na pua yangu, akasogea, akavuta pumzi ya mtu mwenye maneno mengi.

"Sasa nisikilize vizuri, Jirani," akasema.

Hakujisahihisha, wala mimi sikumsahihisha.

"Nakusikiliza, Fundi," nikajibu. "Lakini rudi nyuma kidogo, unanitia kivuli."